Hakuna Kilichoungua, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na Baba bado anabishana na redio. Mimi sijambo kabisa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Kwanza tuliza moyo: hakuna kilichoungua. Shemeji alikuja Jumamosi, akasema umemtuma aje ajionee kwa macho yake. Alizunguka nyumba nzima, akanusa mapazia, akafungua hadi friji, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina kesi polisi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaona aibu, maana najua kilichokutia wasiwasi. Mwezi mzima nimekuwa nikikupigia simu na habari za duka lililoteketea, paa lililovuja, lori lililopinduka. Mtu yeyote angedhani nimeandamwa na mikosi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nasoma. Kule kwenye kampuni ya bima waliniajiri kwa majaribio, na mkuu wa idara ya madai alinieleza wazi kwamba nisipofaulu mtihani wa cheti nifungashe virago. Nikaanza kuhangaika kutafuta vya kusomea. Duka la vitabu lilikuwa na kitabu kimoja tu cha bima, nacho kinahusu meli, ilhali mimi nashughulika na nyumba na magari. Mtandaoni nikalipia masomo ya bwana mmoja anayesoma kama anatangaza msiba. Dakika tano, nimeshalala. Kitabu cha ofisini kila mtu anakisifu, ila hakuna anayejua nani alikiazima.

Mwishowe mwenzangu wa meza ya jirani akanipeleka kwenye darasa la jioni la chama cha wanabima. Huko nilikuta maktaba ndogo, miongozo ya kila somo, mitihani ya miaka ya nyuma, na mwalimu tunayemwita Bi Fidia kwa kuwa hamalizi sentensi bila kuitaja fidia yake. Ndiye aliyetuagiza kila sura tukaisimulie kwa mtu asiyejua bima, na swali litakalotushinda ndilo turudi kulisoma. Nikakuchagua wewe. Neno bima sikulitamka, maana tangu karakana ya Baba ilipoungua na kampuni ikakataa kulipa, ukilisikia tu unakata simu.

Nimefaulu, Mama! Majibu yalitoka jana, na mkataba wa kudumu nimeshautia saini. Nililia chooni kazini kama mtoto, kwa kushusha pumzi tu.

Lakini si hilo lililonikalisha kuandika. Kila kisa nilichokusimulia, ulimaliza kwa kuuliza kama mwenye mali aliripoti mapema. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ulikuwa unajiuliza mwenyewe. Miaka yote umeamini tulinyimwa malipo kwa sababu ulikaa hospitalini ukiuguza mikono ya Baba, ukachelewa kwenda kuripoti moto. Watu wa kampuni walikujibu kwa mkato pale dirishani kwao, nawe ukahitimisha kwamba kosa ni lako.

Nikampelekea Bi Fidia kisa chetu kama mlivyotuhadithia: bima aliikata mwenye jengo, sisi wapangaji tukadhani mashine za Baba zimo. Akanieleza kwamba bima ya namna hiyo hulinda jengo la mwenyewe. Mashine za mpangaji hazimo, isipokuwa naye awe amezikatia ya kwake. Nilimuuliza tena, kisha nikaenda kusoma mwenyewe. Ndivyo ilivyo. Hata ungekimbilia ofisini kwao moto ukiwa bado unawaka, wasingetulipa.

Msomee Baba barua hii yote, na dada akija umsomee pia. Wape wote salamu zangu. Mwisho wa mwezi nitakuja, tukae tuongee mpaka tuchoke. Baba hajawahi kukulaumu hata siku moja. Sasa na wewe, Mama, acha kujilaumu. Hukuchelewa popote. Ulikuwa pale ulipohitajika.

Ni mimi, kitindamimba wako.