Jino la Hekima Limenifunga Mdomo

Mpendwa Mama Getruda,

Kwa heshima na taadhima nawatangazia wakazi wote wa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Usagara, pamoja na ndugu zetu wa Sengerema wanaosubiri kivuko, kwamba mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, baba wa watoto watano, mwenye kipara kinachoendelea vizuri, nimeota jino. Sherehe hakuna. Baada ya tangazo hilo nisaidie, mama.

Lilianza wiki mbili zilizopita, kule nyuma kabisa, chini upande wa kulia, nikadhani ni mfupa wa sangara umenasa, nikachokonoa kwa njiti ya kiberiti, nikasukutua maji ya chumvi, nikasema litatulia, lakini ufizi ukavimba, shavu likafuata, na sasa mdomo haufunguki zaidi ya upana wa kidole, nakunywa uji kwa mrija wa soda, na kanisani wanajua nimefunga kwa ajili ya maombi, uongo nilioanzisha mwenyewe na mchungaji akanipongeza mbele ya watu.

Nilikwenda kwa daktari wa meno, binti mmoja anaitwa Kija, akanimulika kwa tochi akasema, "Baba, hili ni jino la hekima, limelala upande. Tutaling'oa." Sasa mama, mimi ni mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, huu ndio mwaka wangu wa kwanza, kazi yangu ni kukaa kando ya hakimu, kusikiliza watu wanaogombania nyavu na mipaka ya mashamba, kisha kutoa maoni, yaani hekima ndiyo jembe langu, nikamwuliza kupitia kale kaupenyo kangu, "Likitoka, hekima inabaki?" Akacheka. Mimi nikaondoka.

Kibaya zaidi, tangu mdomo ufunge sifa zangu zimepanda. Nakaa, natikisa kichwa, hakimu anasema, "Mzee siku hizi anapima maneno." Mzee wa baraza mwenzangu, Bi Bernadeta, aliyezoea kunikatiza, sasa ananingoja nimalize kufikiri. Sifikirii chochote, mama, nasikiliza shavu linavyodunda. Na jirani yangu Malimi ameniongezea kwamba mjomba wake aling'olewa jino kama hilo, na tangu siku hiyo anasahau majina ya ng'ombe wake.

Shangazi yangu Ajwang, aliyekuja kutoka Mara kuniuguza, ndiye aliyenimaliza. Yeye ni wa enzi zile Wajaluo walipong'olewa meno sita ya mbele ya chini ili wahesabiwe watu wazima, na pengo lake analo mpaka leo. Alinitazama, akapiga paja. "Kwetu mtu mzima anatolewa meno, haoti! Wewe unarudi nyuma. Na anayerudi nyuma anaishia wapi, mtoto wa kaka yangu?" Sasa nina homa, leo siku ya tano, na jana kumeza mate kuliniuma. Mke wangu Perez ameniambia, "Baba Favour, twende hospitali, au niite watu wakubebe," nami nasema kesho, na kesho ikifika nasema kesho. Likibaki naogopa nitakufa, likitoka naogopa nitakaa kando ya hakimu mtupu kama debe. Nifanye nini?

Mimi, Mdomo Mzito, Kirumba.

*

Ndugu Mdomo Mzito,

Pole sana. Pole yenyewe imeishia hapo. Una homa, mdomo haufunguki, mate hayapiti, na bado umepata nguvu ya kujaza kurasa tatu? Uvimbe huo ukishuka shingoni utaziba pumzi, na hapo hakuna mahali pa kukata rufaa. Gazeti letu hutoka Ijumaa, sitaki ufike Ijumaa hivyo ulivyo, kwa hiyo jibu hili nimelituma kwa mkono kwenye anwani uliyoniachia.

Kuhusu jina, nimekuulizia. Jino hilo huota kwa kawaida mtu akiwa na miaka kumi na saba hadi ishirini na mitano hivi, umri ambao watu wa kale, Wagiriki na Waarabu, waliona kijana ameanza kuwa na akili. Ndiyo asili ya jina, basi. Hekima haikuwekwa humo kama mahindi ghalani. Lako limechelewa karibu miaka ishirini, na mimi kwa adabu sitasema hiyo ina maana gani. Wajapani wao huliita jino wasilolijua wazazi, kwa kuwa zamani liliota wazazi wakiwa wameshazikwa. Wewe unaelekea kulifanya jino lililowanyima watoto baba.

Shangazi yako mpelekee shikamoo yangu, kisha mtazame vizuri. Aling'olewa meno sita bila sindano ya ganzi, na kwa barua yako hakuna mwenye ulimi mkali kumshinda humo ndani. Akili ilipungua wapi? Malimi mwache na mjomba wake.

Ila nina shaka. Mtu hakubali kufa ili asionekane mjinga mahakamani. Kuna hofu nyingine hukuiandika. Hiyo mwambie mkeo njiani.

Weka chini karatasi hii. Mwite Perez. Nendeni hospitali leo. Usichokonoe tena, usinunue vidonge viwili viwili dukani. Watakupa dawa za uvimbe kwanza ikibidi, halafu wataling'oa. Na siku mdomo ukifunguka, uanzie kanisani, useme hukuwa umefunga.

Mama Getruda

*

(Wiki tatu baadaye mwandishi alituletea karatasi hii, akaomba tuichapishe chini ya jibu.)

Mama, Perez alisoma jibu lako kwa sauti. Shangazi akasema, "Huyo mwanamke hana adabu. Haya, nenda."

Njiani nilimwambia Perez. Hekima sikuwa na nyingi ya kupoteza. Ni baba yangu. Nilipokuwa na miaka tisa alivimba shavu kama mimi, akaingia hospitali kwa miguu yake, mlangoni akanipa viatu vyake nimshikie. Nilivishika mpaka jioni. Tukarudi navyo nyumbani bila yeye. Miaka yote niliamini ni hospitali iliyomuua. Perez akaniuliza, "Alikaa na homa siku ngapi kabla ya kwenda?" Nikahesabu. Kumi na moja. Mimi nilikuwa nazo sita.

Nililazwa, nikatundikiwa dawa siku nne, kisha Kija akalitoa vipande vitatu. Nililia. Ganzi ilifanya kazi vizuri, nililia tu. Mahakamani nimeshatoa maoni mara mbili, na Bi Bernadeta amenikatiza zote mbili.

Siku ile mlangoni nilivua viatu nikampa Perez, sijui kwa nini, hakuna aliyenituma. Alivipokea. Nilipotoka siku ya kuruhusiwa nilimkuta kwenye benchi, amevipakata. Nikavichukua, nikainama, nikavivaa mwenyewe.