Sauti Yangu Haitangazi Maji

Jumatatu, 3 Novemba

Tena leo chumba cha mablanketi. Wamening'iniza mablanketi kuta zote ili kelele za barabarani zisiingie, na joto nalo halitoki. Nimesoma sentensi zilezile mpaka koo limekauka. Maji yanapanda. Chukua watoto. Toka, panda juu barabarani. Francine anasikiliza na vile vitu vya masikioni, ananinyooshea kidole: rudia, Mama.

Francine ni injinia kijana, Mkristo, amesoma chuo na adabu anayo. Yeye na wenzake wametengeneza mashine inayosoma mvua na mito, halafu yenyewe inawapigia simu watu wa Buterere, mtaa wa bondeni, kabla maji hayajaingia ndani. Akili bandia, wanaiita. Wiki ijayo kuna mkutano Kigobe, maprofesa na watu wa makampuni, kila mmoja ataonyesha akili yake inafanya kazi gani. Wao wataonyesha hiyo.

Sauti ni yangu. Francine alizunguka Buterere akiuliza, simu ya nani hamuikati? Wanawake wakamjibu, ya Mama Shabani. Kweli. Mi ndiye ninayeosha maiti za wanawake, na mi ndiye ninayepiga simu msiba ukitokea, kuanzia hapa kwetu Mutakura mpaka kule chini kwenye mpunga. Na kwetu jina la marehemu halisemwi kwenye simu. Nasalimu tu, nakata. Mutu anajua. Anafunga mlango, anakuja kwangu, jina analisikia hapa akiwa ameshikwa mikono, tunaondoka pamoja.

Nimefurahi. Niandike ukweli, nimefurahi sana. Sauti ya mutu aliyeishia darasa la sita itasikilizwa na maprofesa. Alhamdulillah.

Jumatano, 5 Novemba

Aibu na kicheko, sijui nianze na lipi.

Leo wamejaribu mashine. Imepiga simu Buterere. Mi sina habari, nachambua sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Nasikia kilio. Natoka, naona wanawake wamejaa uani, kanga kichwani, wengine na kuni, mmoja na sufuria ya wali ambao haujaiva. Mbele yao Zaituni, rafiki yangu wa Buterere, yule anayenimiminia maji nikiosha maiti.

"Nani, Mama Shabani? Sema tu."

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa umetuita tuje kula?"

Nikaelewa, nikawaambia ni mashine. Ilianza kama ninavyoanza mimi: Assalam aleikum, ni Mama Shabani. Hawakungoja kusikia habari za maji wala barabara. Wakakata, wakaja.

Baba Shabani akarudi kutoka garaji, mikono yote oili, akakuta nyumba yake inaliliwa. Akasimama akajigusa kifua. Zaituni akamwambia, "Si wewe, shemeji. Bado." Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Francine alikuja jioni. Yeye hakucheka. Macho yanang'aa. "Lakini walitoka nyumbani, Mama. Wote walitoka." Akasema hata mkurugenzi wa mradi amefurahi, atalisema hilo kwenye mkutano.

Wali ule tuliumalizia hapa. Ulikuwa mzuri.

Ijumaa, 7 Novemba

Sina kicheko leo.

Bibi Mwamini wa Buterere, nyumba ya mwisho kabla ya mpunga, amefariki baada ya alfajiri. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Binti yake akaniambia, nikapiga simu kama siku zote. Nikasalimu, nikakata. Nikasimama mlangoni nikingoja.

Alikuja Zaituni peke yake.

Nikarudia kupiga. Mmoja akasema, "Mashine, niache nipike," akakata. Mwingine alinicheka sikioni. Mwingine alizima kabisa.

Tumemwosha mimi na Zaituni. Bibi Mwamini alikuwa mwanamke mzito, na maiti hageuzwi kwa nguvu kama gunia, anageuzwa kwa mikono mingi, taratibu. Mikono haikuwepo. Binti yake, ambaye leo kazi yake ilikuwa kukaa na kushikwa na watu, ndiye aliyechota maji na kuyabeba. Analia huku amebeba ndoo. Nilitaka kumwambia weka chini, mwanangu, lakini ningempa nani ndoo?

Wanaume walingoja nje na jeneza. Wamemswalia baada ya swala ya Ijumaa, amezikwa.

Wanawake walikuja baadaye, wamejifunika nyuso kwa aibu. Hawana kosa. Nimewaambia hawana kosa. Mwenye sauti ni mimi.

Nina hasira. Hata tasbihi imenishinda leo.

Jumamosi, 8 Novemba

Francine amekuja, nimemweleza. Alikaa kwenye mkeka akalia. Hakujua, na mi sikumwambia mapema, maana sikujua mwenyewe kwamba kuna kitu cha kuambiwa. Mutu hajui salamu yake ina kazi gani mpaka imeharibika.

Nikasema, itoeni sauti yangu. Akampigia mkurugenzi pale pale, akanipa simu. Bwana mpole, anaongea kama dakitari.

"Mama, sauti ni sauti tu. Watu watazoea."

"Watazoea nini? Kutoniitika?"

Akasema mkutano uko karibu, wageni wametoka mbali, na nilikubali mbele ya mashahidi. Kweli nilikubali. Halafu akasema lile neno lililonichoma: mvua zinakuja, tukiitoa sauti yako na watu wakazama, Mama, utamwambia nini Mungu?

Mutu wa kompyuta ananiuliza nitamwambia nini Mungu wangu.

Baba Shabani naye yuko upande wao. "Waache, mke wangu. Ukiokoa mutu mumoja ni thawabu."

"Na atakayekufa, nani atakuja kumwosha?"

"Mi unaniuliza? Mi naosha karibureta za magari."

Nimeswali istikhara, Mungu anionyeshe njia. Moyo umekaa palepale. Sitaki.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nimeshuka Buterere kwa Zaituni na moyo mkononi. Yale ya mkurugenzi yamenifuata njia nzima.

Maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti, ya rangi ya chai. Mashine ilishapiga simu. Wengine walikata. Wengine walisikiliza wakauliza, sasa ni msiba au ni maji? Wakakaa kubishana hilo, magodoro yako chini.

Ndipo Zaituni akavua viatu akasimama katikati ya njia. Mdomo wa Zaituni hauna breki, Buterere nzima inajua. Amegombana na kila nyumba, wengine mara mbili.

"We mama Jeanne, unangoja maji yakuletee kiti? Toa watoto! Na we, mwenye redio, redio itaogelea?"

Wakatoka. Wakristo, Waislamu, mlevi mmoja pia. Wanamtukana huku wanabeba magodoro juu barabarani. Hakuna aliyeuliza nani amekufa.

Maji yamerudi nyuma jioni. Nyumba hazikuingiliwa sana. Lakini nimeogopa. Niandike hapa ambapo hakuna anayesoma: nimemwona mtoto wa mama Jeanne amesimama na maji magotini, na nikawaza, kama nikiiondoa sauti yangu na huyu akafa? Bado sitaki. Yote mawili yamo ndani yangu na hakuna linalomtoa mwenzake.

Jumatano, 12 Novemba

Kigobe. Nimevaa baibui jeusi la Idi. Mlangoni wamenitundika baji shingoni yenye jina langu, wameliandika vizuri.

Ukumbi wa baridi kama friji. Mmoja anaonyesha mashine inayotazama jani la muhogo na kusema ugonjwa wake. Mwingine, mashine inayosoma picha za mapafu. Mambo mazuri, wallahi, sitasema uongo. Wamegawa vitu vya masikioni vya kusikilizia tafsiri. Kifaransa kipo, Kiingereza kipo. Kiswahili hakuna. Mashine inayoongea Kiswahili ndiyo wamekuja kuitazama, na mwenye Kiswahili chake hasikii kinachosemwa. Francine alikaa ubavuni akininong'oneza.

Ikafika zamu yetu. Picha yangu ukutani, kubwa kama nyumba, natabasamu. Mkurugenzi akaeleza. Francine akaninong'oneza: anasema kulikuwa na tatizo dogo, watumiaji walichanganya ujumbe, litaisha wakizoea.

Tatizo dogo. Bibi Mwamini.

Halafu wakaicheza. Assalam aleikum, ni Mama Shabani. Ukumbini mbali kule wazee wawili wa kofia wakaitikia, "Waaleikum salaam." Mi nimefumba mdomo. Wameitikia salamu ambayo hakuna mutu aliyeitoa. Hapo nikajua sitasema yale maneno mafupi ya shukrani niliyopangiwa.

Wakanipa mikro ya kuongelea. Nikasema Bismillah, nikaongea Kiswahili chetu, cha hapa, Francine akitafsiri.

Nimesema: mi ninaita watu kwenye msiba. Salamu yangu ni ya kazi hiyo. Niliwapa kwa moyo mweupe, na nyinyi mliichukua kwa moyo mweupe. Lakini Ijumaa nilimwosha mama wa watu na mikono haikutosha, kwa sababu walioitwa walidhani ni nyinyi. Sasa naitaka. Sauti yangu haitangazi maji.

Mkurugenzi akasimama, bado mpole. Akasema mbele ya watu wote kwamba nilikubali, na kwamba watu watakufa.

Nikamwambia, "Bwana, watakufa. Na mi pia, na wewe pia. Ndiyo maana naitaka."

Mutu mmoja wa kampuni akauliza kama haitoshi kubadilisha jina, sauti ibaki. Nikasema apana. Akauliza tena kwa njia nyingine. Apana. Akaniambia basi nipendekeze kitu. Nikamwambia mi si injinia, lakini Buterere kuna mwanamke anaitwa Zaituni, akikufokea unatoka kwanza, unakasirika baadaye. Walicheka. Sikuwa nachekesha.

"Na tukikataa?" mkurugenzi akauliza. Upole umekwisha.

"Nitapita Buterere mlango kwa mlango niwaambie waikate. Mi wananijua. Wewe hawakujui."

Francine alilitafsiri hilo neno kwa neno. Halafu, bila kuulizwa, akasema kwa Kifaransa, na kwangu kwa Kiswahili: "Inafutika. Mi ndiye niliyeiweka. Naweza kuifuta kesho."

Mkurugenzi hakumtazama tena mpaka mwisho.

Wakati wa chai hakuna aliyenisogelea, ila wale wazee wa kofia. Walinipa sambusa. Nimekula zote.

Alhamisi, 13 Novemba

Imefutwa. Francine ameniita nione. Akaicheza mara ya mwisho, halafu akabonyeza. Kitu kidogo, kama kuzima taa. Nilidhani nitafurahi. Nilihisi kama nimetoka kuosha mutu.

Yeye ameitwa ofisini kesho, ajieleze. Nimemwombea dua kwa sauti, yeye akasema amina, akafanya msalaba. Nikamwambia, mwanangu, wakikufukuza utakuja kula kwangu. Akasema, "Sombe?" Sombe.

Zaituni sasa ndiye yuko kwenye chumba cha mablanketi. Nimemsikia mpaka nje, mablanketi hayakusaidia. Francine anamwomba asome karatasi, yeye anasema karatasi haina hasira ya kutosha.

Jumapili, 23 Novemba

Francine hajafukuzwa. Wamemhamishia mradi wa muhogo. Simu za mvua sasa zinapigwa kwa sauti ya Zaituni, na mara mbili watu wametoka. Wanalalamika kwamba anawatukana bure.

Asubuhi ya leo amefariki mama Hadija, Buterere. Nikachukua simu. Nikasalimu.

"Ni mashine?"

Nikasema apana, ni mimi. Alikuwa anaipima sauti yangu. Nilisikia anapima. Mwingine naye hivyohivyo. Wanajua imefutwa, nimewaambia kwa mdomo wangu. Lakini sikio lina kumbukumbu yake.

Nikaizima simu. Nikavaa, nikateremka kwa miguu. Matope yalikuwa bado laini pembeni mwa mpunga, na watu wa kanisani wanapita wamevaa vizuri.

Mlango wa kwanza nikabisha hodi. Mwanamke akafungua, mikono ina unga. Akaniona usoni. Hakuuliza kitu. Akaifuta mikono, akachukua kanga kwenye kamba, akafunga mlango, tukaenda pamoja kwenye mlango wa pili.