Miwani Yangu na Wageni wa Jumatano

Jumatano, 6 Juni 1951

Nimefunga ghala la kahawa saa kumi. Nimefagia nyumba, nimetandika nyasi mpya sakafuni, nimechagua miwani. Leo ile ya duara yenye vioo vya kijani. Jumatano ni siku ya wageni, na sina siku nyingine ya wageni.

Wamekuja jua likiwa bado juu. Ndugu Yosia, mwalimu wa kanisa letu. Agnesi, mjane wa kule bondeni. Na ndugu wengine wa kikundi chao cha waliookoka. Wanakuja kuniombea niokoke na mimi. Wanaketi, wanatafuna punje za kahawa yangu, wanaimba, wananionya juu ya miwani nyeusi, wanaondoka giza likiingia. Tangu mke wangu Eunike afariki, hakuna mwingine anayekanyaga humu ila mbuzi wa jirani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi nimepona mpaka Jumatano ijayo.

Alhamisi, 7 Juni

Siivai miwani kwa sababu ya jua tu. Niseme kweli, daftari hili hasomi mtu.

Ya duara niliinunua mmisionari mzee alipouza vitu vyake barazani kabla ya kurudi kwao. Wiki ileile nilimzika mke wangu. Macho yalikuwa yamevimba, sikutaka kutazamwa. Nikaivaa makaburini. Nikaona kumbe naweza kusimama mbele za watu.

Halafu ikaja tamaa. Ya chuma, ya askari aliyerudi kutoka Burma. Nilimpa jogoo. Ya mwendesha pikipiki, yenye ngozi pembeni. Ya bluu, ya fundi wa mgodi wa bati huko Kyerwa, bawaba moja nimeifunga kwa uzi. Mpya sizitaki. Mhindi wa dukani Kayanga anazo tele, zinang'aa kama masufuria. Mpya haijaona kitu. Ya zamani imechakaa pale mwenyewe alipozoea kuishika. Napenda kuweka kidole changu palepale.

Wanasema macho hayana pazia. Yangu yanalo, tena ya kubadilisha.

Jumamosi, 9 Juni

Foleni ndefu mizanini. Vumbi. Nimevaa ya chuma.

Agnesi alileta gunia lake. Nikapima, nikataja uzito. Hakuondoka. Akasema mbele ya watu wote, "Karani, waitu, mwenzetu, toa hivyo vioo nione unasoma wapi. Mwaka wa pili huu nakusalimia sijui kama unaniitikia au umelala."

Watu wakacheka sana. Nikaivua. Nikasoma tena mizani, uzito uleule. Akanitazama kidogo, akasema ahsante, akaenda. Nilikasirika. Pia nilifurahi, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Jumatano, 13 Juni

Wageni. Chai, kahawa ya kutafuna, ndizi na maharage niliyopika mwenyewe, yameungua kidogo.

Yosia leo hakuzunguka. "Ndugu Eliya, mtu wa nuruni hafichi macho. Tumekuja mara nyingi. Hata mtini usiozaa huvumiliwa kwa muda, kisha hukatwa."

Wengine wakaitikia amina. Agnesi alitazama chini.

Nimeelewa. Watachoka. Siku moja nitatandika nyasi na hatakuja mtu. Wazo hilo limenitisha kuliko moto wa jehanamu ambao Yosia ameueleza vizuri sana.

Ijumaa, 15 Juni

Nimetoka kazini nimezipanga miwani zote kitandani. Nimevaa moja moja, nikatazama mgomba uleule dirishani. Wa kijani, wa kahawia, wa kijivu, wa bluu. Dunia nne, na zote sina wa kumwonyesha.

Miwani haipigi hodi. Haiulizi umekula nini. Nachagua watu.

Jumapili, 17 Juni

Nimezitoa.

Baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwa Yosia. Nikasimama katikati na kikapu changu cha miwani. Nilisema nimekubali, nataka kuwa ndugu. Sikusema mengi. Walilia, waliimba, walinikumbatia mmoja mmoja. Mwanamume mzima nimekumbatiwa na watu wote wale kwa mara moja! Agnesi alinishika mikono yote miwili.

Nilidhani wataziuza, fedha ziende kanisani. Yosia akasema dhambi haiuzwi. Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye shimo la choo. Nilitupa mwenyewe. Ya chuma niliisikia ikigonga ukuta wa shimo. Nyingine hazikutoa sauti.

Jumatatu, 18 Juni

Jua limenipiga usoni siku nzima. Nilifinya macho kama bundi aliyetolewa pangoni.

Wakulima wamefurahi. Bibi mmoja wa kutoka Bweranyange ameniambia kumbe karani bado kijana, alidhani mimi ni mzee mwenzake. Wengi wamenisalimia kwa jina. Nimejibu wote. Huenda Yosia alisema kweli.

Nimenunua sukari kwa ajili ya Jumatano.

Jumatano, 20 Juni

Nimefagia. Nimetandika nyasi. Nimebandika birika. Nimepanga vigoda, vya wanaume huku, vya wanawake kule.

Hawakuja.

Nilisimama mlangoni hadi sikuweza kutofautisha migomba na giza. Nikadhani pana msiba mahali. Nikala peke yangu chakula cha watu wengi.

Ijumaa, 22 Juni

Hapakuwa na msiba. Nimemkuta Agnesi njiani amebeba kuni, nikauliza. Akashangaa kwamba nauliza.

"Ai, ndugu! Wewe si umeshafika? Sasa tunawafuata walio njiani. Jumatano tulikuwa kwa Ta Kashaija, mzee wa rubisi, ile pombe ya ndizi. Yule kazi ipo."

Alisema kwa furaha, kama anayempongeza mtu. Akaniambia tutaonana kanisani. Akajitwisha vizuri kuni zake akapita.

Nimeshafika. Wapi?

Jumatano, 27 Juni

Sikutandika nyasi.

Nimekaa kizingitini. Hata mbuzi wa jirani hakuja. Nimepeleka mkono usoni kuvua miwani ambayo haipo. Nina hasira na Yosia, nina hasira na Agnesi, na zaidi nina hasira na mimi. Nilipokuwa mpotevu nilikuwa na wageni. Nimepatikana, nimeachwa zizini na mlango umefungwa vizuri.

Namkumbuka Eunike leo kuliko siku zote. Macho yamevimba tena. Kesho watayaona wote mizanini. Na wayaone.

Jumatano, 4 Julai

Sikungoja kualikwa. Mimi ni ndugu, nimekwenda na ndugu.

Ta Kashaija anakaa juu ya barabara iendayo Isingiro. Mke alikufa, wanawe wote wako Uganda kutafuta fedha. Pale uani pana mtumbwi mkubwa wa kukamulia ndizi, na juu yake nyuki wa kutosha. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anafuta vigoda kwa kanzu yake mwenyewe.

Nilimwangalia. Alikuwa ameoga. Alikuwa ametandika nyasi mpya. Alituwekea kahawa katika kijikapu kilichosukwa vizuri, akazunguka nacho mara mbili, akihofia labda kuna aliyesahauliwa. Yosia alipoanza habari za kupasua mtumbwi ule, mzee alitikisa kichwa kwa huzuni, lakini macho yake yalikuwa yanahesabu kama kahawa inatutosha. Nilijiona mimi. Ilinibidi nitazame pembeni.

Tulipoaga, akasema anaona moyo wake umelegea. Labda Jumatano ijayo atauleta mtumbwi na shoka. Ndugu wakaimba.

Nilibaki nyuma, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikamwambia, "Ta Kashaija, usikubali upesi."

Akanitazama. Sikuwa na miwani machoni, naye aliona yote yaliyokuwamo. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwani wewe, mwanangu, hawaji tena?"

Nikasema hawaji.

Akachukua kahawa iliyobaki kikapuni, akanitia mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake. Nimetembea nayo mpaka nyumbani bila kuitafuna.

Alhamisi, 5 Julai

Kazi. Kahawa kavu, nzuri. Agnesi amenisalimia kwa mbali. Sikufurahi wala sikukasirika. Nimepima magunia.

Jumatano, 11 Julai

Nimekwenda tena kwa Ta Kashaija pamoja na ndugu. Mtumbwi upo palepale, mzima. Mzee akasema shetani amempiga vita wiki nzima, moyo umekuwa mgumu tena, watu wa Mungu wasimchoke. Yosia alihuzunika. Akasema hatutachoka, tutakuja kila Jumatano.

Mzee akaniwekea kigoda karibu na chake. Tukatafuna kahawa. Nje upepo ulikuwa ukichana migomba. Agnesi akaanzisha wimbo, nikaitikia sauti ya chini, nilikuwa nimesahau kwamba ninayo.

Kisha Yosia akasema tuombe, tumwombee mzee wetu aokoke leo hii. Wote tukafumba macho. Yosia aliomba kwa sauti kubwa, kwa muda mrefu.

Mimi niliomba kimyakimya asiokoke wiki hii.