Baba, Gari Letu Limechukuliwa kwa Utani

Baba mpendwa,

Nakuandikia kutoka Kimamba, kwenye kambi ya mkonge, nikiwa nimekalia tairi jipya ambalo halina gari. Mguu wa kulia nimeunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki. Mwiba wa mkonge uliniingia chini ya goti, na usaha haujakauka. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Mvua ya pili hii inakunyeshea kaburini, nami sijafika hata kukutupia konzi moja ya udongo. Lakini leo nakuandikia kwa ajili ya gari. Sidhani kuna mtu aliyekuja kukueleza, na wewe ndiye mwenyewe.

Unakumbuka siku lilipofika nyumbani kwetu Isevya, likivutwa na ng'ombe wawili? Yule Bwana Misitu alilipenda kuliko mbwa wake, halafu akahamishwa, akaliacha bandani misimu mitatu ya mvua. Mchwa hawakumngoja. Aliporudi kufunga mizigo yake akaona halifai tena, akakupa wewe uliyekuwa ukimtengenezea meza na makabati. Lilikuwa na milango miwili na viti viwili, paa limeinama nyuma kama mgongo wa kobe, magurudumu ya spoku kama ya baiskeli. Wekundu wake ulikuwa umebaki mahali pachache tu. Watu wa mtaani wakaliita Kiatu. Shangazi alizunguka mara moja akauliza, "Kaka, humu tutaingia wapi sote?" Ukamjibu, "Kwa zamu."

Mimi nilicheka, baba. Nilikuwa mtu mzima, nimerudi tu kutoka kulima tumbaku ya watu, na nilidhani umezeeka vibaya. Sikujua kwamba gari la namna ile bati lake limepigiliwa juu ya mbao, na kwamba wewe, seremala wa mabehewa kwenye karakana ya reli, ulikwisha kuona kitu ambacho sisi hatukukiona.

Tulipobandua bati la kwanza, mbao zikamwagika kama unga wa muhogo. Nikasema basi, limekwisha. Wewe ukaenda kuyeyusha nta. Ukaipaka ya moto juu ya mbao zilizoliwa, ubavu mmoja baada ya mwingine, zikashikana, zikasimama kama mifupa. "Kitu kikioza bado kinakumbuka umbo lake," uliniambia. "Kipime kabla hakijasahau." Tukazipima zote. Halafu ukachonga mpya kwa mninga, kwa sababu mninga hauvimbi wala mchwa hawaupendi, na kila ubavu ukakaa mahali pake bila kulazimishwa. Sijawahi kuona mikono ya mtu ikiwa na subira kama ile. Mimi nilitaka kupiga nyundo, wewe ukawa unanishika mkono.

Injini hukuijua, na hukuona haya kusema hivyo. Ukamwita Mzee Pazi, Mzaramo wako, makanika wa soko kuu, mtani wako tangu ujana. Utani wenyewe tuliurithi kutoka kwa babu zetu waliobeba meno ya tembo kwenda pwani na kupita Uzaramo wakiwa na njaa na kiu. Siku ya kwanza aliingia uani bila hodi, akalitazama gari, akakutazama wewe.

"Ninyi Wanyamwezi mmezoea kubeba. Hili nalo mtalibeba, halitawabeba."

"Na ninyi," ukamwambia, "mlikuwa mkikaa njiani mkituuzia maji. Tulipoacha kupita, ukatufuata mpaka Tabora na kibuyu chako."

"Nimefuata deni la babu yako. Alikunywa akakimbia."

"Alikunywa akatapika. Yalikuwa maji ya kuoshea miguu yenu."

Na hapo hapo mlikuwa mmekwisha kuinama kwenye injini, vichwa viwili vya mvi chini ya kifuniko kimoja. Gasketi mlikata kwenye boksi la sabuni. Rejeta aliiziba kwa risasi iliyoyeyushwa. Kabureta aliifungua mara sita, na mara zote sita alimlaani nyanya yako, nawe ukamlaani wake. Na mimi nilikuwa na ruhusa ya kumtukana pia, maana utani haujali umri. Nilimwita jongoo, akaniita mzigo usio na mwenyewe. Sidhani kuna mtu nimewahi kumpenda kwa uhuru namna ile, baba. Wewe mwenyewe nilikupenda nikiwa nimeinamisha macho.

Halafu ile asubuhi ya Jumapili. Gari lilikuwa juu ya magogo kwa sababu matairi yalikuwa yameoza, na matairi ya kipimo kile hayakupatikana Tabora. Mzee Pazi akazungusha hendeli mpaka kofia ikamdondoka. Likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanguruma. Wewe ulikuwa umekaa ndani na shati lako la kanisani. Ukatia gia, na magurudumu yakazunguka hewani, spoku zote zikawa kitu kimoja. Majirani walikuwa wamejaa ukutani. Ukaendesha namna ile muda mrefu, ukikata kona, ukipiga honi ambayo haikulia, kisha ukatoa kichwa dirishani.

"Nimefika Kigoma!"

"Basi shuka ununue dagaa," akasema Mzee Pazi, "na chumvi Uvinza wakati wa kurudi."

Siku ile nilikuona ukicheka mpaka ukafuta machozi kwa mkono wenye grisi, ukabaki na mstari mweusi usoni mpaka kwenye misa. Mwezi uliofuata nikaweka dole gumba kama kila mtu kwenye mkataba wa mkonge, nije kutafuta matairi. Hukunituma. Nilijituma. Hilo nataka ulijue, kwa sababu mdogo wangu Anselmi aliniandikia kuwa ulipougua kifua ulikuwa ukisema, "Nimempeleka mtoto kwa ajili ya chuma."

Sasa nikueleze yaliyotokea msibani pako. Nimeyakusanya kutoka kwenye barua ya Anselmi na kwa mtu wa Isevya aliyekuja hapa kambini.

Mzee Pazi alikuja kama mtani anavyopaswa kuja. Watu wanalia, yeye akapita moja kwa moja mpaka kwenye gari, akaingia, akavaa kofia yako ya karakana, akakohoa kikohozi chako. "Leteni chai, nachelewa Kigoma!" Wanawake wakaanza kucheka huku wanalia, na ndivyo inavyotakiwa. Halafu akasema, "Maiti haendeshi. Gari hili langu."

Hapo, baba, unajua ilivyo. Mtoto wa marehemu anasimama, anamtukana mtani matusi mazuri, anamtupia kuku, mtani anashuka na kuku wake, kitu kinabaki nyumbani na moyo wa kila mtu unapata nafuu. Mwanao wa kiume aliyekuwepo alikuwa mmoja, Anselmi. Na Anselmi tulimpeleka kwa mapadri akiwa hajaota hata meno yote ya utu uzima. Amelelewa seminari ya Kipalapala na vitabu. Hajawahi kuona mtani akishika jeneza. Akatoka na kanzu yake ya frateri, macho yamevimba, akasema kwa upole, "Kama unalitaka, lichukue, mzee. Sisi tunazika."

Mzee Pazi alibaki ameshika usukani. Akangoja. Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Nalichukua kweli." Anselmi akamwambia, "Chukua, na Mungu akubariki." Mtani akipewa hawezi kukataa, akikataa amesema kwamba ulikuwa mtu baki kwake. Shangazi alikuwa ndani na maiti, na alipotoka kamba zilikuwa zimekwisha kufungwa. Vijana wakaliburuta juu ya rimu tupu mpaka nyumbani kwake, spoku zikikatika njiani moja moja. Simlaumu Anselmi. Alitoa kwa moyo mweupe. Mtu angeweza kumkasirikia mwizi, lakini huyu utamfanya nini?

Baada ya miezi mitatu Mzee Pazi akaniandikia kwa mkono wa karani wa sokoni. "Wewe mzigo usio na mwenyewe, Kiatu chenu kiko uani kwangu. Nangoja mtu wa kunitukana. Kukirudisha mwenyewe siwezi, na ndugu yako kila akipita ananiamkia kwa heshima kama mimi ni askofu. Aliyetoa ni mtoto wa marehemu, na atakayekomboa ni mtoto wa marehemu. Fanya haraka, macho yangu yanakwenda, na wanangu wanataka kunirudisha pwani."

Nilicheka peke yangu kambini. Kisha nikaenda kwa nyapara kuomba ruhusa. Akakitazama kipande changu, ile kadi ya siku za kazi. Siku nilizolala na mguu hazikuhesabiwa. "Kipande hiki kina matundu kama chandarua," akaniambia. "Ukiondoka sasa, umetoroka, na aliyetoroka tunamrudisha kwa askari." Nikamwambia nina gari Tabora la kukomboa. Aliita wenzake waje wasikie.

Nikaona basi nimfundishe Anselmi. Nilikaa siku nzima ya Jumapili nikaandika matusi, yale mazuri, ya babu zetu: kibuyu, maji ya miguu, jongoo, pua ya nyanya yake. Nikamwelekeza anunue kuku, amtupie, asimkabidhi kwa mikono miwili. Jibu lake ninalo hapa. Ananiambia alikwenda. Alisimama mlangoni na karatasi yangu akaisoma yote, kuanzia juu mpaka chini, bila kuruka neno. Mzee Pazi alimsikiliza ameinamisha kichwa. Alipomaliza, mzee akasema, "Amina," kisha akalia. Akamwambia, "Ahsante, mwanangu, umesoma vizuri. Lakini haya ni matusi ya misa. Aje mwenye ulimi."

Anselmi anauliza amekosea wapi.

Halafu habari ikaja kwamba nyumba ya Mzee Pazi imepata mpangaji na wanawe wanamchukua. Treni ya Tabora kwenda pwani inapita hapa Kimamba, baba. Inasimama. Niliposikia hivyo nilihisi kama nimefunguliwa kamba. Sikuhitaji ruhusa ya kwenda mbali. Stesheni naiona nikisimama juu ya kilima cha katani. Nikanunua jogoo. Siku tatu nikiwa kazini nilikuwa nikitukana mkonge, nikijaribu ulimi wangu. Wenzangu wakadhani homa ya mguu imepanda kichwani.

Juzi asubuhi nikachechemea mpaka stesheni, jogoo kwapani, fimbo mkono wa pili. Treni ikaja, nikapita behewa moja baada ya jingine. Nikamwona daraja la tatu, dirishani, kijana wake amekaa pembeni. Baba, amekwisha. Macho yake yamekuwa meupe kama maziwa. Ile shingo nene imekuwa kamba. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa vidole vyote, kama mtu anayeogopa kumwagwa, na midomo ilikuwa ikichezacheza bila neno.

Matusi nilikuwa nayo yote. Nilikuwa nimeyapanga. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni, "Shikamoo, mzee."

Akageuza uso kuifuata sauti. Alinitambua, niliona amenitambua, kwa sababu alingoja. Alingoja kama alivyongoja siku ile uani kwetu. Nilitafuta hata jongoo, hata jongoo tu. Wapagazi wakapita katikati yetu na magunia, na walipokwisha kupita yeye akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu."

Nikampa jogoo kwa mikono miwili. Akampokea kwa mikono miwili. "Ahsante kwa zawadi ya njiani," akasema. Akaniuliza mguu wangu una nini, nikamwambia. Akaniuliza kama tunakula vizuri. Tukazungumza kama watu waliokutana hospitali. Filimbi ikalia, treni ikaondoka, nami nikabaki nimesimama na fimbo.

Sasa gari limebaki kwenye ua wa mtu nisiyemjua. Si letu, maana hatukulikomboa, na Mzee Pazi hakulitaka hata siku moja. Anselmi anasema mpangaji ameuliza kama bati linafaa kuezekea. Nimewaza kumwandikia huyo mpangaji, lakini nitamwambia nini? Hana utani nasi. Kwake mimi ni mtu wa barua tu. Matairi ninayo mawili, niliyanunua kabla sijapata habari za kifo chako, na nyapara anataka nimuuzie ayakate makubadhi. Pengine nitamuuzia. Mkataba haujaisha, mguu haujapona, na nikiwaza kufika Isevya na kuuona ule ua wetu wenye magogo manne matupu, nasikia heri mkonge.

Nilidhani Anselmi alikosea kwa sababu ya kukulia kwa mapadri. Mimi nilikulia kwako, na nimekosea vilevile. Hilo ndilo linalonichosha kuliko kukata majani.

Baba, hali aliyokuwa nayo Mzee Pazi, nadhani atafika huko kabla yangu. Anakuja akiwa ameamkiwa na watoto wako wote wawili, na moyo wake mzito. Tafadhali usimwamkie. Ukimwona tu akitokea njiani, mtukane.

Ni mimi mwanao wa kwanza, wa Kimamba