Udongo Mweusi Uko Chini

Mama,

Shikamoo. Nimeandika salamu hii, kisha nikakaa nikiitazama karatasi kama mjinga, nikingoja uniitikie.

Shimo limezibwa. Lile walilochimba kwenye migomba yetu baada ya kutuhamishia kijijini, barabara ilipohitaji changarawe ili magari ya jeshi yapite kwenda vitani. Sasa mtu anaweza kukatiza juu yake. Heri wangeliacha wazi.

Unamkumbuka dereva wa katapila? Ulisimama mbele ya mashine yake, umejifunga kitenge kiunoni, ukamwomba autenge udongo mweusi wa juu kabla hajaifikia changarawe. Akacheka. "Kumbe hata udongo una kabila, mama?" Lakini aliutenga. Ukabaki na rundo lako ukingoni mwa shimo, ukalipanda viazi vitamu ili mvua isilichukue, na Jumapili tukitoka kanisani tulikwenda kulitazama. Kijijini wakasema, "Mumewe kafa, kaolewa na kichuguu." Ukawajibu kwamba angalau huyu halewi.

Mimi uliniambia neno moja tu. Shimo likija kuzibwa, mawe chini, mweusi juu, na migomba itarudi.

Tulikuzika palepale shambani, kando ya Baba. Balozi wa nyumba kumi alisimama kaburini, akaliona shimo, nadhani akaona aibu. Matanga hayajaisha, akawakusanya watu kwa kazi ya pamoja. Safari hii si kwa shamba la kijiji. Kwa ajili yako, Mama.

Habari ilinikuta mkekani. Nikainuka, nikachukua jembe. Shangazi akanishika mkono. "Mfiwa hagusi jembe kabla ya matanga kwisha. Unataka kuita kifo kingine humu ndani?" Nikasema basi niende mikono mitupu, nikawaambie tu. "Na shambani hakanyagi." Nikamwomba aende yeye. Akaenda, na miguu yake ile unayoijua.

Alikuta wamemaliza. Rundo lako ndilo lililokuwa karibu, tena laini, jepesi kwa koleo. Walilisukuma lote mwanzo, na viazi vyake. Kisha wakaporomosha mawe juu, wakashindilia kwa miguu wakiimba. Shangazi alipowauliza, balozi akamwambia, "Shimo ni shimo, bibi. Limejaa au halijajaa?"

Jioni wakaja nyumbani, miguu myekundu kwa vumbi. "Tumemzibia mama yako shimo lake. Sasa apumzike." Nikawashukuru. Ningefanya nini? Walikuwa wamejitolea kweli, wengine wametoka malengelenge. Niliwapa pombe yote ya ndizi, rubisi, iliyokuwemo, nikawapigia magoti wakubwa kila nilipowapa kibuyu. Mmoja akatania, "Hata yule mumewe kichuguu tumemzika. Wako wote huko." Wakacheka. Nikajisikia na mimi nacheka.

Matanga yalipokwisha nilipanda machipukizi ya migomba pale juu. Jembe lilikuwa likigonga mawe tu. Mvua ikaja, ikateleza, ikashukia barabarani. Machipukizi yakawa njano, yakalala. Balozi alipita akasema ardhi imechoka.

Haijachoka, Mama. Iko chini.

Kwa hiyo nimeanza kulifukua shimo. Nimeanzia upande wa kaburi lako, mawe nayatoa kwa karai, nayapanga mbali. Bado sijaufikia mweusi. Watu hawanisalimii. Wanasema nimeitukana zawadi yao, na kwamba mama na mtoto ni walewale. Nilijaribu kueleza habari ya udongo, wakatazamana. Jana balozi akanionya mbele ya watu kwamba nikiendelea, siku nikifiwa tena nitachimba kaburi mwenyewe, maana hakuna atakayenyanyua jembe kuja kwangu. Shangazi alikuwepo. Anakohoa siku hizi. Aliinamisha kichwa.

Nikajibu, "Ndiyo, mzee."

Leo asubuhi nimekwenda tena. Nilipopita kwenye nyumba ya shangazi aliniona na karai langu, akafunga mlango taratibu.

Lala, Mama. Ndizi siwezi kukuahidi, labda sitaziona. Ninachokuahidi ni kwamba udongo wako nitautoa, hata nikikosa mtu wa kunizika.

Binti yako,
Anastazia