Diski Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumatano, 11 Februari

Nimesasisha programu ya kukinga virusi, nikaifunika kompyuta kitambaa chake, nikaenda kuchuma chai. Kawaida. Nyakundi husema mashine yangu inalindwa kuliko ng'ombe wake. Mume wangu aseme tu. Mimi ni mwalimu, nimeona kazi ya mwaka mzima ya wanafunzi ikiliwa na flashi moja iliyotoka saiba, duka la intaneti. Kwangu flashi ya mtu haichomekwi kabla sijaipima. Hata ya mchungaji.

Jioni nimefungua folda ya Mama. Mama mkwe alifariki Jumapili, tunazika Jumatano ijayo, na kijitabu cha mazishi ni kazi yangu kwa sababu kompyuta ya boma hili ni yangu. Alichukia kamera. Ukimwelekezea, ananuna. Picha nzuri ni moja tu, ya Desemba, ana mkungu wa ndizi kichwani na anacheka mpaka ufizi unaonekana. Simu niliyompigia picha hiyo iliibwa Keroka, kwa hivyo picha imebaki humu tu. Hiyo ndiyo ya jalada.

Tuligombana sana, mimi na yeye. Sasa boma limepoa hadi linaniudhi.

Alhamisi, 12 Februari

Baba mkwe amekuja mwenyewe. Nyakundi alikuwa Kisii, mochari. Mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni ensoni, heshima ya mkwe, na hapa Birongo sijaona aliyeivunja. Akasimama uani, juani, na koti lake la kanisani. Hata baraza alikataa. Akaweka flashi juu ya kigoda, akarudi nyuma, ndipo nikaichukua. Ina picha za kwaya na za jamaa.

"Mama Kerubo," akaniita kwa jina la mwanangu, "toa picha haraka. Mchungaji anaihitaji akirudi safari."

Kuipima kungechukua muda, naye mfiwa amesimama juani. Na ningemwambia nini? Kwamba kitu kilichotoka mkononi mwake ni kichafu? Nikaichomeka hivyo hivyo. Onyo likatokea, jekundu. Nikabonyeza ruhusu. Nikanakili picha, nikarudisha flashi kigodani.

Nina wasiwasi tangu saa ile.

Ijumaa, 13 Februari

Imetokea.

Faili zote zimegeuka majina. Hazifunguki. Za shule, za boma, picha zote. Katikati ya skrini kuna ujumbe wa Kiingereza: lipa, la sivyo sahau. Nimechomoa umeme, nimezima waifai. Picha ya Mama imekwenda.

Nyakundi anataka tulipe. Nimemwambia mwizi hatoi risiti. Tumezozana.

Nakala ipo. Najua ilipo, na hapo ndipo shida. Nilisoma kwamba nakala isikae nyumba moja na kompyuta, nikampa Mama diski ya pembeni anitunzie. Kila mwisho wa mwezi aliileta akilalamika, akingoja nimalize, kisha akairudisha kwenye sanduku lake. Sanduku liko chumbani kwao. Chumba cha baba mkwe mimi sikanyagi. Nyakundi na nduguye, wana waliooa, hawakanyagi. Aliyebaki ni mzee mwenyewe. Na mzee lazima aelezwe kwa nini.

Nimemwomba Nyakundi amweleze. Amekataa.

"Nimwambie Baba kwamba flashi yake imemfuta Mama?"

Jua limezama, Sabato imeingia. Nimeifunika kompyuta kama kila Ijumaa. Jambazi yuko chini ya kitambaa.

Jumamosi, 14 Februari

Kanisani. Mahubiri sikusikia. Mzee ameketi mbele, flashi mfukoni mwa shati, kamba yake ikining'inia. Mchungaji amerudi. Amesema leo hafungui ofisi, ataipokea kesho jioni. Kompyuta yake ina kila kitu cha kanisa. Baada yake flashi itaenda kwa mpiga chapa Keroka, kisha sijui wapi.

Nilipita karibu na mzee baada ya ibada. Nikafungua mdomo. Nikasalimia tu, nikaondoka.

Namwogopa mzee kuliko ninavyomwogopa mwizi. Huo ndio ukweli.

Jumapili, 15 Februari

Asubuhi nimepeleka kompyuta Keroka. Fundi amesema zilizofungwa hazifunguki, amefuta kila kitu na kuanza upya. Nyakundi angekuwa na ile diski angeichomeka Ijumaa ile ile, nayo ingeliwa. Angalau hilo tumeokoka.

Niliporudi nilipitia kwa wakwe. Mzee alikuwa peke yake uani. Nikasimama mbali, macho chini, nikasema yote. Kwamba flashi ina virusi. Kwamba niliona onyo nikalifunga kwa kumheshimu. Kwamba asimpe mchungaji. Kwamba picha ya Mama iko kwenye diski, na diski iko sandukuni.

Nikatamani anitukane.

Akatoa flashi mfukoni, akaiangalia, akaiweka kigodani. Kisha akaangalia mlango wa nyumba yake. Ndipo nikakumbuka maneno ya shemeji: tangu Jumapili Mama alipofariki mzee analala kitini sebuleni, chumbani hajaingia. Na mimi nimemtuma huko. Ningejua pa kujificha ningejificha.

Akaingia. Nikasikia sanduku likifunguliwa. Halafu nikasikia analia, kwa sauti, mzee ambaye sijawahi kuona hata chozi lake. Sikuondoka. Nililia hapo uani nikiwa nimesimama.

Alitoka na diski imefungwa kwenye kitambaa cha Mama cha kichwa. Akaiweka kando ya flashi, akarudi nyuma.

"Pima kwanza," akasema.

Jumatatu, 16 Februari

Nimepima. Safi. Nikafungua folda.

Anacheka, mkungu kichwani. Nyakundi amesimama nyuma yangu, ameniwekea mkono begani. Kijitabu kimefika kwa mpiga chapa kabla ya saa sita. Flashi ya mzee nimeisafisha, kisha nikaipima tena.

Alhamisi, 19 Februari

Tulimzika jana. Vijitabu viliisha. Watu waliona jalada wakacheka, halafu wakanyamaza.

Leo mvua kidogo. Nimenakili kila kitu upya kwenye diski. Imekaa mezani mchana kutwa, kwa kuwa sikujua niipeleke kwa nani.

Jioni mzee amekuja, akasimama uani pale pale. Ameuliza diski ya Mama iko wapi. Nimeiweka kigodani. Ameifunga kwa kile kitambaa, polepole, akaitia ndani ya koti.

Amesema mwisho wa mwezi ataileta mwenyewe.