Alipouliza Nilijifunza Wapi Kucheza

Jumapili mchana. Mvua imekatika, lakini mawingu bado yametanda juu ya Kariakoo na chumba kinanuka nguo mbichi. Sijatulia tangu juzi. Nimekaa, nimesimama, nimefagia sakafu niliyokwisha kuifagia asubuhi.

Ijumaa nilifanya kosa. Nilishinda.

Baada ya saa za kazi Ndugu Meneja aliniita ofisini kwake, akafunga mlango kwa ufunguo. Aliporudi kutoka masomoni Ulaya alikuja na kompyuta ndogo. Sote tunajua anayo na hakuna anayeitaja. Alitaka msaada wa kuingiza mchezo, maana mchezo wenyewe unatoka kwenye kaseti. Kaseti inalia kama redio iliyokosa stesheni, unangoja, ikigoma unairudisha mwanzo. Hatimaye kwenye kioo ikatokea mashua ya kijani ya kukwepesha mawe. Yeye aligonga jiwe kila mara.

"Jaribu na wewe, kijana."

Nikajaribu. Vidole vikaenda vyenyewe, na mawe yakapita kushoto na kulia. Ndugu Meneja alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Umejifunza wapi?"

Huku bara hatuna televisheni. Karani mwenye vidole vyepesi namna ile lazima kuna kioo mahali fulani kilichomfundisha. Nikasema Unguja, kwa kuwa wenzetu wanayo televisheni. Sijawahi kuvuka maji.

"Unguja sehemu gani?"

"Mjini, Ndugu Meneja."

"Mjini ni pakubwa," akasema, akazima mashine.

Mwisho wa mwezi yeye ndiye atakayeamua kama nathibitishwa kazini au narudi kwetu Masasi.

Kioo changu kiko mtaa wa Gerezani. Binamu yangu Shomari ni baharia, na miaka mitatu iliyopita alishuka melini na televisheni pamoja na mashine ya mchezo. Mchezo ni mmoja tu: mstari katikati, nukta nyeupe ndiyo mpira, na vibao viwili vya kuurudisha. Kila mchezaji ana kishikio chake cha kuzungusha. Jumapili mafundi wa gereji na wake zao wanajaa chumbani kwake. Anayefungwa anampisha mwingine. "Karani, hicho si muhuri, usikigandamize hivyo," wananiambia, na mimi, mtu ninayeogopa hata kukohoa mbele ya wakubwa, najibu, "Kaa hapo nikugonge stempu."

Nimekuwa nikizipima mashine hizi mbili kichwani. Ile ya Gerezani unaiwasha na inawaka, haina kaseti wala kungoja, lakini kwa miaka mitatu haijabadilika hata kidogo. Kompyuta ukibadili kaseti unapata mchezo mwingine. Ndugu Meneja anasema mtu anaweza hata kujiandikia mchezo wake. Jambo hilo linaninyima usingizi kwa tamaa. Ila inachezwa na mtu mmoja, mlango umefungwa, na ukishinda hakuna wa kumtania.

Ningeulizwa ipi bora, ningesema kompyuta. Kisha Jumapili ningekwenda Gerezani.

Leo asubuhi nilikwenda huko mbio. Siku hizi nyumba zinapekuliwa kutafuta magendo, na televisheni ile haina kibali. Nilimkuta Shomari kibarazani ananyoa ndevu, nikamweleza yote, nikamsihi aihamishe televisheni.

"Niihamishie wapi? Chini ya kitanda chako?" Akafuta povu shavuni. "Na huyo bosi wako, kompyuta yake ilipitaje bandarini? Zile zinataka kibali. Angekuwa nacho, angefunga mlango?"

Akasuuza wembe.

"Anakuogopa wewe, mdogo wangu."

Alicheka sana. Mimi sikucheka, na njia nzima ya kurudi sikuona hata niliyepishana naye.

Kwa maana kama Shomari hajakosea, basi Ijumaa Ndugu Meneja hakuwa ananichunguza. Alitaka kujua kama mimi ni mtu wa kutunza siri. Nikamdanganya, na aliona wazi kwamba namdanganya. Sasa ana karani aliyeiona kompyuta yake, na karani huyo anaficha mambo. Mtu wa hivyo hathibitishwi kazini. Mtu wa hivyo anaondolewa upesi.

Nilipoaga nilimwuliza Shomari kama naweza kumleta Ndugu Meneja acheze. "Mlete tumfunge," akajibu, kama vile namwomba kiti cha ziada.

Kwake ni rahisi. Nimezunguka chumba hiki tangu nirudi, na kila nikizunguka naona njia ni hiyo hiyo moja: nimwambie ukweli, ili naye awe na siri yangu kama nilivyo na yake, tuwe sawasawa. Ikiwa Shomari amekosea, nitakuwa nimempeleka ndugu yangu polisi kwa mdomo wangu.

Kesho nitafika kabla ya makarani wengine. Nitagonga mlango wake na kusema, "Ndugu Meneja, si Unguja. Ni Gerezani, na Jumapili kuna kishikio cha pili."

Nimeisema kwa sauti mara kadhaa hapa peke yangu. Bado sauti inakatika kwenye neno Gerezani.